Mtani Aliyeganda Kwenye Kioo

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Baba, twende ukapimwe macho." Nilikuwa nimeigeuza kila upande kwa muda mrefu. Nikisema "ukapimwe" ataona namwita mgonjwa. Nikisema "tukapimwe" ataniuliza mimi naumwa nini. Nikianza na "naomba" atadhani nataka kitu. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Ipole kusubiri ajira, na katika kusubiri huko sikuwa na kazi kubwa zaidi ya kumtazama baba yangu. Ukimtazama mtu kwa muda mrefu unaanza kuona mambo ambayo ungependa usiyaone.

Niliona anavyogonga bega la kushoto kwenye mlango wa jikoni, mlango aliouweka mwenyewe kabla sijazaliwa. Niliona siku shangazi alipomwekea kikombe cha chai upande wa kushoto wa kiti chake, naye akakaa tu, mikono magotini.

"Chai yangu leo imesahaulika?" aliuliza.

"Ipo hapo ubavuni kwako. Unataka ikuite kwa jina?"

Baba aligeuza kichwa chote, kama kuku anayetafuta punje, akaiona. Walicheka wote wawili. Shangazi ni dada yake wa kufuatana, ndiye aliyeishika nyumba yetu tangu mama afariki, na hao wawili hucheka pamoja kwa mambo madogo. Mimi sikucheka. Nilianza kuhesabu vitu vilivyokaa kushoto kwake: beseni, mbwa, jembe lililoegemezwa ukutani, mimi.

Baba ni mrina asali. Mizinga yake iko ndani ya msitu, mbali na barabara, na msimu ukifika hufunga mizigo kwenye baiskeli akaenda kukaa kambini na wenzake kwa wiki kadhaa. Huko hakuna zahanati wala mtandao. Mizinga inaning'inia juu ya miti, na yeye huipanda kwa kamba, kienge cha moto mkononi, nyuki wakimzunguka. Msimu ulikuwa unakaribia. Kichwani mwangu mambo yalijipanga hivi: mtu asiyeona kikombe cha chai kilicho ubavuni mwake atapanda mti mrefu wa mtundu akiwa ameshika moto. Nilipolala nililiona hilo, nilipoamka niliona lilelile.

Mwenyewe alikuwa na maelezo yake.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Babu yako alikuwa naye. Mtoto wa jicho anaachwa akomae, ndipo anatolewa. Ukimtoa mchanga, anarudi na hasira."

Alisema kwa utulivu wa mtu ambaye maisha yake yote amekataa kukata sega ambalo nyuki hawajalifunika nta. Kwake kungoja ni ujuzi, na mwenye haraka ni mtu asiyejua kazi. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba uko ugonjwa mwingine wa macho, usiouma, unaokula uwezo wa kuona kuanzia pembeni kwenda katikati, na kinachokwenda hakirudi. Huo haukomai. Huo ukingoja, umemaliza. Lakini ningeanzaje kumwambia mzee wangu kwamba mtoto wake wa jicho huenda si mtoto?

Sentensi yangu haikutumika kabisa. Jumapili moja, baada ya ibada, mzee wa kanisa alitangaza kwamba kituo cha afya kimeletewa kamera ya kupiga picha ndani ya jicho. Picha itapigwa na muuguzi wetu yuleyule, halafu itatumwa kwa daktari bingwa Dar es Salaam, na daktari ataongea na mgonjwa hapohapo kwa simu ya picha. Baba alisikiliza, akaniinamia.

"Kesho twende tukaione hiyo kamera," alisema. Hakusema tukapimwe. Alisema tukaione.

Tulikuta foleni imeshajaa benchi la nje. Watu walikuwa wamekuja kwa sababu ileile ya baba, kuiona kamera, na kwa kuwa ilikuwa ndani na wao walikuwa nje, waliijadili.

"Mimi mwili wangu haujawahi kufika hata Dodoma," alisema mkulima mmoja wa tumbaku, mwanamume mwenye kofia ya pama. "Leo jicho langu linakwenda Dar kwa upepo."

"Limetangulia. We utalifuata," akajibu mwanamke aliyekaa karibu naye, mtoto mgongoni.

"Na likipapenda huko lisirudi?"

"Basi utabaki na hilo moja. Kwani hilo la pili linakusaidia nini? Juzi umepita nyumbani hujanisalimia."

Benchi lilicheka. Bibi mmoja aliyejifunga kitenge kipya alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. "Walipochukua alama za vidole tulipewa laini za simu," alisema. "Wakichukua macho watatupa nini?"

"Watakusajili upya, bibi. Safari hii kama kijana."

"Loh! Basi na wapige yote mawili."

Baba alikuwa anasikiliza kwa raha, lakini yule mwenye pama alipomgeukia na kumwuliza yeye anaonaje, alijibu kwa uzito. "Mteuzi wa tumbaku akija, analishika jani, analikunja, analinusa, ndipo analipa daraja. Na bado tunagombana naye. Huyu atanipa daraja la jicho bila kunigusa?"

"Umesema kweli, mzee mwenzangu."

"Asali haionjwi kwa simu," alimalizia baba, na benchi zima likaitikia kwa mguno.

Nilikaa pale nikifikiri kwamba wana haki. Nikafikiri tena kwamba hawana. Nikawaza kwamba nikisimama sasa kueleza jinsi picha inavyofanya kazi nitaonekana msomi anayefundisha wazazi wake, na baba atainuka aondoke kwa aibu yangu. Nikanyamaza. Kunyamaza nako kuliniuma.

Ndani, muuguzi alikuwa amefunika dirisha kwa khanga mbili ili chumba kiwe na giza. Ni dada mpole wa Kigoma, Muha, aliyekuja kwetu kikazi akazoea. Alimweka baba kidevu juu ya kitako cha kamera, akamwambia atazame taa ya kijani, mwanga mkali ukawaka. Baba alishtuka kidogo. Ukaja wa jicho la pili. Kisha tukasubiri picha ziende. Mtandao wa kwetu hauna haraka, na ule mshale wa kwenye kishikwambi ulizunguka na kuzunguka huku mimi nikiutazama kana kwamba nikiacha kuutazama utasimama.

Hatimaye daktari akatokea kwenye kioo. Alikuwa kijana, pengine amenizidi miaka michache tu, shati jeupe, nyuma yake ukuta wa bluu. Muuguzi alikigeuza kishikwambi kimwelekee baba. Kabla daktari hajasema zaidi ya "Habari za huko," baba alikuwa ameshamkatiza.

"Ngoja, ngoja. Unayavuta maneno, wewe. Wa wapi?"

"Mimi Mzaramo, mzee. Wa Kisarawe."

Baba alijipiga paja. Chumba kizima, pamoja na wale waliokuwa wamechungulia mlangoni, kilijua kinachofuata.

Kwa asiyejua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wazee wanasema utani huo uliokotwa njiani, enzi za misafara, wapagazi wa kwetu waliposhuka hadi pwani na mizigo ya pembe za ndovu vichwani wakapita kwa Wazaramo kwenda na kurudi, wakagombana, wakazikana, wakazoeana. Mtani anaweza kukutukana na huwezi kukasirika. Siku ya mazishi ya mama yangu, mwalimu mmoja Mzaramo aliyefundisha hapa kijijini aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, maana marehemu alimdhulumu nafasi. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Baba mwenyewe alicheka, siku ile, kwa mara ya kwanza tangu tupate msiba. Kwa hiyo kwake mtani si mchezo tu. Mtani ndiye aliyemwokoa.

"Mzaramo!" baba alipaza sauti, akamsogelea yule mtu wa kwenye kioo. "Nani amempa Mzaramo kazi ya macho? Nyie si mnacheza ngoma mpaka kunakucha, macho mekundu?"

Daktari alicheka kwa sauti. Nadhani alikuwa amechoka, nadhani hakuna aliyekuwa amemtania tangu asubuhi. "Mnyamwezi, shusha kwanza mzigo kichwani ndipo nikutazame. Umebeba hiyo pembe tangu kwa babu yako?"

"Tulibeba pembe, nyie mkabeba maneno!"

Mlangoni walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko. Yule mwenye pama alikuwa anawasimulia wa nje kila neno. Muuguzi alicheka pia. Mimi nilikuwa nazitazama picha zilizobaki kwenye kona ya kioo, duara mbili za rangi ya chungwa, na katikati ya kila moja doa jeupe. Sikujua kusoma kilichomo, lakini niliona kwamba doa la moja lilikuwa kubwa kuliko la mwenzake.

"Sasa, mzee, sikiliza," daktari alisema, uso wake ukiwa bado na kicheko. Na hapo kioo kikaganda.

Sauti iliendelea, kwa vipande. Sura ilibaki palepale, kijana amefungua mdomo, meno nje, macho yamefinywa kwa furaha. Kutoka kwenye sura ile yakawa yanatoka maneno: "...mshipa wa jicho la kushoto umeliwa sana... la kulia nalo limeanza... hii ni presha ya macho, mzee... uende Tabora upimwe uanze dawa, usingoje... ukingoja utapofuka."

"Nikipofuka utanishika mkono unipeleke Bagamoyo!" baba alijibu. "Na mzigo ubebe wewe safari hii!"

Chumba kililipuka. Kwenye kioo, yule daktari alikuwa bado anacheka naye. Kisha simu ikakata.

Muuguzi alijaribu. Alimwambia baba kwamba maneno yale si mzaha, kwamba kule Tabora hospitali wanacho kipimo cha presha ya jicho na dawa za matone, kwamba atampigia simu mtu wa huko amtarajie. Baba alimshika mkono kwa upole. "Ahsante, mama. Umefanya kazi nzuri. Na wewe, Waha na sisi si watani pia?" Akatoka nje kuwahadithia waliokosa.

Njia nzima alikuwa mchangamfu. Kila tuliyekutana naye aliambiwa: "Nimempata Mzaramo ndani ya simu, ananitisha eti nitapofuka!" Na kila mtu alicheka, maana ndivyo inavyotakiwa. Mtani akikuambia umekufa, unamwuliza kama amekuletea sanda. Kadiri jambo linavyokuwa baya ndivyo utani unavyokuwa mtamu, na daktari yule, bila kujua, alikuwa amesema utani mtamu kuliko wote.

Nyumbani, shangazi alitaka kujua ugonjwa wenyewe unaitwaje.

"Presha ya macho."

"Presha!" Aliingia ndani, akatoka na kopo lake la vidonge. "Mbona ninazo? Presha ni presha, kaka. Mimi nameza hizi kila asubuhi na macho yangu mazima. Meza kimoja."

"Shangazi, hapana," nilisema. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyokusudia. "Hiyo ni presha ya damu. Hii ni nyingine, iko ndani ya jicho lenyewe."

"Kwani jicho halina damu?"

Baba alikishika kidonge, akakitazama, akakirudisha kwenye kopo. "Acha, wewe. Kwanza mimi siumwi. Ni maneno ya Mzaramo."

Nilipumua kwa sababu hakumeza, nikashikwa na hofu kwa sababu ya alichosema. Jioni ile nilimfuata alipokuwa ananoa kisu cha kurinia.

"Baba, yule daktari hakuwa anatania."

"Mayu," alisema. Ananiita hivyo, mama, kwa Kinyamwezi, anapotaka kunionyesha kwamba hajakasirika. "Ulimwona alivyokuwa anacheka?"

"Picha iliganda. Alishaacha kucheka."

"Ulimwona ameacha?"

Sikumwona. Kwa kweli, hakuna aliyemwona.

Siku zilizofuata kichwa changu kilikuwa kama mzinga uliopigwa jiwe. Nilikuwa nawaza ni nani anaweza kumwambia baba yangu kwamba anapofuka. Mimi siwezi. Mtoto hamwambii mzazi wake "utapofuka", hiyo si taarifa, ni kumtabiria, na ikitokea itasemekana nilimwombea. Shangazi haamini. Muuguzi ni msichana mbele yake. Mchungaji atamwombea, na baba ataitikia amina na kufunga mizigo. Mtu pekee mwenye ruhusa ya kumwambia jambo zito usoni ni mtani, na mtani akilisema halina uzito. Nilizunguka humo bila kupata mlango. Wakati huohuo baba alikuwa anakagua matairi ya baiskeli, anasuka kamba mpya. Wenzake walikuwa wamekubaliana kwenda kambini Jumatatu.

Jumamosi nilirudi kwa muuguzi. Nilimkuta anafua shuka nyuma ya kituo.

"Nimemwambia mara mbili," alisema kabla sijaeleza. "Nimemkuta sokoni nikamwambia tena. Ananiuliza habari za mawese ya kwetu Kigoma."

"Unaweza kumpata yule daktari?"

"Huwa yuko chumba cha upasuaji. Lakini mwandikie, mimi nitampelekea. Andika vizuri, asione tunamlaumu."

Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa ni kuniambia nisiandike kabisa. Niliandika nikafuta. "Samahani daktari, baba amedhani unamtania" ilionekana kama shutuma. "Tafadhali mpigie tena" ilionekana kama amri. Niliandika historia yote ya utani, nikaona ni upuuzi kumweleza Mzaramo utani ni nini. Mwisho nilituma hii: "Mzee wa Ipole, mtani wako, anakwenda msituni keshokutwa kupanda miti. Anaamini ulitania." Nikaituma, kisha nikakaa nikiona makosa yake yote.

Jumapili ilipita bila jibu. Jumatatu asubuhi baba alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na bani la kukaushia tumbaku, anafunga gunia la unga kwenye baiskeli. Nilikuwa namsaidia kushika. Nilishika vibaya makusudi, fundo likalegea, akafunga upya bila kulalamika. Pale kwenye bani ndipo mtandao unapofika vizuri. Simu yangu iliita, namba nisiyoijua.

"Naongea na binti wa mzee?" Ilikuwa ile sauti ya kuvuta maneno.

Kwa sekunde moja nilifikiri nimwambie daktari aseme vipi, aanzie wapi, neno gani alikwepe. Kisha nikaona kwamba sijui. Nilimpa baba simu. Hapakuwa na picha safari hii, sauti tupu, na nilibonyeza spika ili nami nisikie.

"Mzaramo!" baba alisema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Leo ngoma imekosa wachezaji, unatafuta wa kumcheka?"

Upande wa pili kulikuwa kimya. Baba alitabasamu, akisubiri. Mtani hupewa muda wa kutafuta tusi.

"Baba, shikamoo," sauti ilisema.

Baba alibaki na tabasamu lile, lakini halikuwa na kazi tena usoni. Alinitazama, akaitazama simu.

"Marahaba," alisema taratibu. "Sema."

"Nimeuweka utani chini, baba. Tutaurudia siku nyingine, na mimi nitakuwa na deni lako. Leo naomba unisikilize kama mwanao."

"Nakusikia."

"Funika jicho la kulia kwa kiganja. Lifunike kabisa. Tazama mbele, usigeuze kichwa. Binti yako yupo?"

"Yupo mbele yangu."

"Unamwona?"

"Namwona. Uso wake namwona."

"Amesimama karibu na nini?"

Baba alikaza jicho la kushoto. Nilikuwa nimesimama nikiwa nimeishika baiskeli yake kwa mkono mmoja, baiskeli yenye gunia, sufuria, kamba mpya na blanketi, kubwa kama punda. Nilitaka kuitikisa ili isikike. Nilitaka kusogea ili aione. Sikufanya lolote, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya mbele ya baba yangu.

"Namwona yeye," alirudia. "Shingo. Kifua."

"Baiskeli yako iko wapi, baba?"

Aliunyosha mkono wake wa kushoto polepole, kama mtu anayeingiza mkono kwenye mzinga asiojua kama nyuki wamelala. Vidole viligusa gunia. Vilibaki juu ya gunia. Aliondoa kiganja kwenye jicho la kulia, akaitazama baiskeli, akalifunika tena, akafunua tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Hakuna aliyemharakisha.

"Litarudi?" aliuliza.

"Hapana, baba. Lililokwenda limekwenda. Tunalolinda ni la kulia. Hilo bado lina nguvu, lakini haliwezi kusubiri msimu uishe."

"Haliumi."

"Ndivyo lilivyo. Haliumi mpaka mwisho."

Upepo ulipita kwenye mabati ya bani. Baba alikohoa, na nilipomsikia anakohoa nilijua anatafuta pa kuweka sauti yake.

"Siku ile," alisema, "mbona ulicheka?"

"Ulinichekesha. Nilipoacha kucheka, simu ilikuwa imeganda, na mimi sikujua. Nilidhani unaniona."

"Ungeanza na hili la leo."

"Ningeanza nalo. Lakini ulinitania, baba. Ningekataaje?"

Baba alifikiri. "Hapana," alikiri. "Mtani hakatai." Akanirudishia simu bila kuaga, si kwa ukali, ila kama mtu ambaye mikono imejaa. Daktari aliniambia jina la kitengo cha kuulizia Tabora na kwamba watakuwa wanatusubiri. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilipokata, baba alikuwa anafungua fundo la gunia. Alichukua muda mrefu. Fundo alilofunga vizuri.

Wenzake walipopita kumchukua aliwaambia watangulie. Mmoja aliuliza kama Mzaramo amemtisha kweli. Baba hakujibu, na yule mtu, aliyezoea kujibiwa, akaondoka kimya.

Tulipanda basi la asubuhi kesho yake. Shangazi alitufungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akaniambia nimwangalie kaka yake, na kwamba nisiwasikilize wakisema lazima akatwe jicho. Njia nzima niliwaza: je, kipimo kikiwa kibovu? Je, wakisema tumechelewa na hata la kulia? Je, nilipaswa kusema ile sentensi yangu tangu mwanzo, mwezi ule wa kikombe cha chai, hata kama ilikuwa mbaya? Baba alikuwa amekaa dirishani. Barabara ni nzuri siku hizi na msitu unapita haraka, na mizinga ya watu wengine ilikuwa inaonekana juu ya miti. Sijui kama aliiona.

Hospitali walimpima. Mwanamama aliyempima alimwambia baba moja kwa moja, bila kutania, bila kupaka asali: presha ya jicho la kushoto iko juu sana, la kulia iko juu, dawa ni matone kila siku hadi mwisho wa maisha, asiruke hata siku akijisikia mzima, na kila baada ya miezi michache apigwe picha tena kulekule Ipole. "La kulia tunaweza kulishikilia," alisema. Hakusema tutalishikilia. Nililipima neno hilo, "tunaweza", nikaligeuza kila upande, na hata leo sijalimaliza.

"Na miti?" baba aliuliza.

"Miti gani?"

"Ya mizinga. Napanda."

Mwanamama alinitazama mimi, kisha yeye. "Mzee, ukianguka sina matone ya kuanguka."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alikipa kikomo kile heshima, kama mwenye nyumba anayeambiwa mpaka wa shamba na mtu aliyekuja na kamba ya kupimia. Alitoka nje ya jengo na kichupa chake mfukoni mwa shati, amekifunga kifungo.

Mjini palikuwa na joto na watu wengi. Pikipiki, mikokoteni ya mizigo, wauza vitambaa wanaoita. Nilianza kutembea mbele yake ili nimfungulie njia, halafu nikaona nitakuwa namwongoza kama kipofu mbele za watu, nikarudi nyuma. Nyuma nikaona simsaidii. Nikaenda kulia, bila sababu. Baba alisimama katikati ya njia, watu wakatupita huku na huku.

"Unazunguka nini?" aliuliza. "Njoo huku."

Alinivuta kwa mkono, akaniweka kushoto kwake. Tukaanza kwenda. Baada ya hatua chache bega lake liligusa langu na kubaki hapo.

"Kuna nini upande huo?" aliuliza.

Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo. Nilitazama.

"Mtaro, baba. Uko wazi. Na mbele kuna mtu anauza nyanya chini."

"Haya," alisema. Akasogea kulia kidogo, nami nikasogea naye.